Roki ya progresivu Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Tunduma. Baadhi yao wamekutana na roki ya progresivu juzi tu. Wengine waliisikia zaidi ya miaka arobaini iliyopita na hawakupata wa kumuuliza. Majibu ni yangu. Kumbukumbu zilizomo ni za wasikilizaji niliokaa nao na kuwahoji, na majina yao nimeyahifadhi kwa sababu wengi ni watu wa kawaida wanaopenda muziki wao kimyakimya.

Roki ya progresivu ni muziki gani hasa?

Ni tawi la roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokulia kwenye bluzi na roki waliona wimbo wa dakika tatu, beti mbili na kiitikio, hauwatoshi tena. Wakaanza kuchukua vitu kutoka muziki wa okestra, jazi, nyimbo za asili za kwao na kwaya za kanisani, wakaviweka juu ya gitaa la umeme na dramu. Mwaka 1967 The Moody Blues walitoa "Days of Future Passed" wakishirikiana na okestra, albamu inayosimulia siku moja tangu alfajiri hadi usiku. Oktoba 1969 ikatoka "In the Court of the Crimson King" ya King Crimson, na hiyo ndiyo wengi wetu tunaihesabu kuwa mlango wenyewe. Nyuma yao wakafuata Yes, Genesis, Jethro Tull, Emerson, Lake & Palmer, Van der Graaf Generator, na Pink Floyd ambao walikuwa wameanza mapema kwa njia yao.

Utautambua kwa mambo machache: wimbo wenye vipande vingi vinavyotofautiana, mapigo yanayobadilika njiani, vinanda vya kila aina, na albamu inayotakiwa kusikilizwa nzima. Si lazima yote yawepo kwa pamoja.

Chombo kimoja nakitaja kwa sababu kila mgeni hukiulizia bila kujua jina lake. Ile sauti ya fidla za huzuni inayojaza chumba kwenye King Crimson na Genesis za mwanzo si okestra. Ni Mellotron, kinanda kilichotengenezwa Birmingham kuanzia miaka ya 1960. Chini ya kila kibonyezo kuna utepe wa sumaku uliorekodiwa sauti halisi ya fidla, filimbi au waimbaji. Ukibonyeza, utepe unavutwa na kusomwa. Baada ya sekunde nane hivi utepe unakwisha, na mpigaji lazima auachie urudi mwanzo. Ndiyo maana sauti yake inayumba kidogo, na mimi sijawahi kusikia sinthesaiza ya leo ikiufikia ule uyumbaji.

Watu wa huku waliupatia wapi muziki huo wakati kulikuwa na redio moja tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu majibu yake ni historia ya nyanda zetu.

Miaka ya 1970 na 1980 redio ya nchi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio na televisheni za binafsi Tanzania Bara zilikuja mwaka 1994. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na santuri za Ulaya hazikuwa bidhaa ya kipaumbele. Kwa hesabu hiyo muziki wa King Crimson au Yes haukupaswa kabisa kufika Mwanjelwa, Mbeya. Ulifika, na ulipita njia nne ambazo nimezisikia tena na tena.

Ya kwanza ni reli na barabara ya Zambia. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika katikati ya miaka ya 1970, na Mbeya ikawa kituo kikubwa cha wafanyakazi waliokwenda na kurudi. Zambia wakati ule ilikuwa na roki yake na maduka yake ya santuri. Fundi mmoja mstaafu wa Iyunga alinieleza kwamba mwenzake wa Mpika, Zambia, alimletea kanda iliyorekodiwa bendi ya Zambia upande mmoja na Pink Floyd upande wa pili, bila jina lolote juu yake. Aliisikiliza miaka mingi akiamini pande zote mbili ni za Wazambia. Jina la Pink Floyd alilijua baada ya redio za FM kuingia mjini.

Ya pili ni mashamba na viwanda. Mufindi kwenye chai, Mgololo kwenye karatasi, walikuwapo wataalamu kutoka Uingereza na Skandinavia, na walipomaliza mikataba yao waliuza au kugawa vitu. Gramafoni ilichukuliwa na mtu, na santuri zikaifuata. Mwalimu mmoja wa kike wa Mafinga, ambaye mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba, anakumbuka kusikia The Moody Blues kupitia dirisha la jiko kila Jumapili. Hakujua maneno. Alikijua kila kipande cha filimbi, na hadi leo anaweza kukipiga kwa mluzi kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea.

Ya tatu ni misheni. Iringa na Tosamaganga waliishi Waitaliano wa Shirika la Consolata, na vijana wa kujitolea kutoka Italia waliwafuata. Italia ilikuwa imeipokea roki ya progresivu kwa moyo wote, ikawa na bendi zake kubwa kama Premiata Forneria Marconi, wanaoitwa PFM, ambao albamu yao ya kwanza, "Storia di un minuto", ilitoka 1972. Kwa hiyo Iringa kuna wazee wachache ambao progresivu yao ya kwanza iliimbwa Kiitaliano, na wanashangaa wakisikia kwamba watu wengine duniani walianzia kwa Waingereza.

Ya nne ni mawimbi mafupi. Usiku wenye baridi, antena ya waya imefungwa kwenye mti wa mparachichi, BBC na stesheni nyingine za mbali zilisikika huku sauti ikija na kupotea. Wengi walisikia nusu ya wimbo tu, wakakaa miaka wakiutafuta.

Na vijana wa sasa, wanaanzia wapi?

Kwenye simu. Nilitarajia wangetaja redio, lakini wengi wa chini ya miaka thelathini wanataja katuni za Kijapani. Wimbo "Roundabout" wa Yes, wa mwaka 1971, ulitumika kufungia vipindi vya "JoJo's Bizarre Adventure" ilipotoka kama anime mwaka 2012. Kijana wa Kabwe ya Mbeya anayeuza vifaa vya simu aliupata humo, akautafuta mzima, akakuta una dakika nane na nusu na kwamba ile sehemu anayoijua ni mwanzo tu. Anasema alikaa dukani hadi wimbo ukaisha na mteja akasubiri.

Wengine waliupata kwenye maduka ya kuingizia nyimbo. Ulikuwa unatoa memori kadi yako, unalipa, fundi anakujazia nyimbo mchanganyiko, na ndani ya folda ya roki, kati ya nyimbo za Nickelback na Bon Jovi, kulikuwa na Dream Theater au Kansas. Hakuna aliyeichagua kwa makusudi, nami naipenda sana njia hiyo.

Phil Collins wa nyimbo taratibu za usiku ndiye huyo huyo wa Genesis?

Ndiye. Kila mtu huku anamjua kwa nyimbo za mapenzi na kwa "Another Day in Paradise" ya 1989. Kabla ya hapo alikuwa mpiga dramu wa Genesis tangu 1970, na mpiga dramu mkali hasa. Mwimbaji wao wa kwanza, Peter Gabriel, alijitoa mwaka 1975, na Collins akashika maikrofoni. Ukitaka kumjua upya, sikiliza "Selling England by the Pound" ya 1973 na umfuatilie yeye peke yake, mikono na miguu, kwa dakika hamsini na kitu. Mama mmoja wa Sokomatola aliyempenda Collins tangu usichana wake alipoisikia alisema ni kama kugundua kwamba jirani yako mpole aliwahi kuwa rubani.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Je, Queen ni progresivu?

Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Queen kwa ujumla siwaweki kwenye kundi hili, kwa sababu walipita kila mahali. Ila "Queen II" ya 1974 na "A Night at the Opera" ya 1975 zimejaa tabia za progresivu, na "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, ni mlango ambao Watanzania wengi waliingilia bila kujua. Anayesema alianzia hapo amejibu vizuri.

Roki ya Zambia, ile inayoitwa zamroki, inahesabika?

Ni binamu, na kwetu sisi wa mpakani ni binamu wa karibu kuliko Waingereza.

Miaka ya mwanzo ya 1970 miji ya Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, ilikuwa na mishahara ya migodi, vifaa vya muziki, na vijana waliosikiliza Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath. Rais Kenneth Kaunda naye aliagiza redio ya taifa ipige zaidi muziki wa nyumbani. Vijana wakautengeneza muziki huo wa nyumbani kwa gitaa lenye mkwaruzo. WITCH, wakiongozwa na mwimbaji Emanuel "Jagari" Chanda, walitoa "Lazy Bones!!" mwaka 1975. Mwaka huohuo Amanaz walitoa "Africa". Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga ilichanganya ngoma, saksafoni na roki kwa namna iliyokaribia progresivu kuliko wengine wote. Paul Ngozi na Ngozi Family walikuwa wakali na wa moja kwa moja zaidi, na Paul aliendelea kupendwa Zambia hadi kifo chake mwaka 1989.

Tofauti ipo. Zamroki ni roki ya kupiga kelele za gitaa na ya kucheza, nyimbo nyingi ni fupi, na haina ile kiu ya kuandika simulizi ya dakika ishirini. Lakini ujasiri wa kuchanganya ni uleule. Wazee wa Tunduma na Vwawa niliozungumza nao hawakuwahi kuona mpaka kati ya hivi viwili. Kwao ilikuwa rundo moja la kanda zenye gitaa.

Mwisho wake unaniuma. Bei ya shaba ilianguka, uchumi ukabana, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile, wakiwemo karibu wote wa WITCH ya awali. Jagari alienda kuchimba vito. Kisha santuri zao zikatolewa upya nje ya Afrika, wasikilizaji wapya wakapatikana, na Jagari akarudi jukwaani akiwa mzee. Mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, "Zango". Kama uko Mbeya na hujawahi kuwasikiliza, anza na hao wiki hii.

Kwa nini nyimbo ni ndefu namna hii?

Sababu moja ni ya kimwili. Santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inabeba dakika ishirini na kitu kila upande. Wanamuziki hawa waliitazama ile nafasi wakasema upande mzima uwe wimbo mmoja. Yes walifanya hivyo kwenye "Close to the Edge" ya 1972, ambayo upande wa kwanza una wimbo mmoja wa karibu dakika kumi na tisa. Jethro Tull mwaka huohuo walitoa "Thick as a Brick", wimbo mmoja albamu nzima, uliokatwa katikati kwa sababu tu lazima santuri igeuzwe. Genesis nao, 1972 hiyohiyo, wakaweka "Supper's Ready" yenye dakika kama ishirini na tatu na vipande saba.

Lakini anayelalamikia urefu huku kwetu namuuliza: umewahi kucheza "Mario" ya Franco mpaka mwisho? Wimbo ule wa 1985 unapita dakika kumi na hakuna aliyekaa chini. Muziki wa dansi wa Tanzania nao ulizoea urefu. Nyimbo zilikatwa vipande viwili ili zienee kwenye pande mbili za santuri ndogo, na ukumbini bendi iliendelea kadiri watu walivyotaka. Tancut Almasi ya Iringa, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliwafundisha watu wa hapa kusubiri: mashairi yanaimbwa taratibu kwanza, kisa kinaelezwa, ndipo magitaa yanafunguka na chemko linaanza. Sikio lililolelewa hivyo linajua kwamba wimbo una sura zaidi ya moja.

Tofauti ni namna ya kurefusha. Dansi hurefuka kwa kukaa kwenye mdundo mmoja hadi uchemke. Progresivu hurefuka kwa kuhama: unatoka kipande kimoja, unaingia kingine, na baadaye sana unakutana na sauti ya mwanzo imerudi ikiwa imebadilika. Ukilijua hilo, urefu unaacha kuwa mzigo, kwa sababu unakuwa unasubiri kurudi kwa ile sauti.

Nimejaribu kuucheza, miguu inapotea. Tatizo ni langu?

Tatizo ni hesabu. Nyimbo nyingi tunazocheza zinahesabika kwa nne, au tatu na sita kwenye ngoma zetu nyingi za asili. Progresivu inapenda tano, saba, tisa. Chukua "Money" ya Pink Floyd. Hesabu moja mpaka saba, rudi moja, ukifuata lile gitaa la besi. Mara ya kwanza utahisi kuna pigo limeibwa. Endelea. Likija solo la gitaa, bendi inahamia kwenye nne na mwili wako utaachia wenyewe, halafu saba itarudi. Mtu akishaishika hiyo kwa mwili wake, si kwa kusoma, nusu ya fumbo la muziki huu imekwisha.

Wapiga ngoma wa vijijini hushika haraka kuliko wapiga vinanda wa mjini. Nimeliona mara nyingi, na sishangai. Mtu aliyekua akisikia ngoma tatu zikipiga hesabu tofauti kwa wakati mmoja hatishwi na saba.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaambulia kitu?

Utaambulia kingi. Mashairi ya Jon Anderson wa Yes yalichaguliwa zaidi kwa mlio wa maneno kuliko maana, na Waingereza wenyewe wanabishana juu yake hadi leo. "Tubular Bells" ya Mike Oldfield, iliyotoka Mei 1973 kijana huyo akiwa ametimiza tu miaka ishirini, ni ya vyombo karibu yote, na vingi alivipiga mwenyewe kimoja kimoja. Kundi la Ufaransa, Magma, wanaimba kwa lugha ambayo mpiga dramu wao Christian Vander aliitunga, kwa hiyo mbele yao sote tuko sawa.

Na kuna Clare Torry. Kwenye "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd, ya Machi 1973, yupo mwanamke anayelia, kupaa na kutulia bila kutamka neno hata moja. Aliitwa studio za Abbey Road, akaambiwa wimbo ni wa kifo na asitumie maneno, akaimba, akalipwa pauni 30, akaondoka. Miaka mingi baadaye alidai haki ya utunzi, na mwaka 2005 wakamalizana nje ya mahakama. Sasa jina lake limeandikwa pamoja na la Richard Wright kama mtunzi. Nimewahi kuuweka wimbo huo mbele ya akina mama wa kwaya waliotoka msibani. Hawakuhitaji tafsiri, na mmoja wao aliomba urudiwe.

Ni muziki wa kishetani? Majalada yake yanatisha.

Naliheshimu swali hili, maana tunaishi kwenye mkoa wenye makanisa mengi na wazazi wanaojali. Jalada linaloogopwa zaidi ni lile la King Crimson, uso mwekundu unaopiga mayowe. Lilichorwa na Barry Godber, kijana aliyefanya kazi ya kompyuta, aliyefariki mwaka 1970 akiwa na miaka 24. Ni picha ya mtu mwenye hofu, na wimbo wa kwanza wa albamu unazungumzia vita na uchoyo wa wanadamu. Majalada ya Yes, yaliyochorwa na Roger Dean, ni visiwa vinavyoelea na maporomoko ya maji. Mtu aliyewahi kusimama Kitulo maua yakiwa yamefunguka na ukungu ukipita chini yake hawezi kuyaogopa.

Kuhusu yaliyomo, "Supper's Ready" ya Genesis imechota moja kwa moja kwenye kitabu cha Ufunuo na inaishia Yerusalemu mpya. Rick Wakeman, mpiga vinanda wa Yes, amerekodi kazi za Injili. Neal Morse wa Marekani aliiacha bendi yake, Spock's Beard, mwaka 2002 baada ya kuokoka, akaendelea kutunga progresivu ndefu zenye ushuhuda wake wa wokovu. Wapo pia wasioamini kabisa, na Roger Waters wa Pink Floyd ana maneno makali juu ya dini. Mzazi asikilize mwenyewe kwanza. Sipendi mtu akatazwe muziki kwa sababu ya karatasi ya nje.

Kuna wanawake kwenye muziki huu?

Wapo, wachache kuliko ilivyopaswa. Annie Haslam wa Renaissance ana sauti ninayowapa wanakwaya wote kwanza. Sonja Kristina aliongoza Curved Air. Kate Bush si wa progresivu moja kwa moja, lakini alisaidiwa na David Gilmour wa Pink Floyd tangu akiwa binti wa shule, na kazi zake zinaishi mlango wa pili.

Nimesikiliza albamu nzima na sikuipenda. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Karibu kila mpenzi mkubwa wa muziki huu niliyemhoji hakuupenda mara ya kwanza. Walichokuwa nacho ni kipande kimoja kilichogoma kutoka kichwani: filimbi, mpigo wa dramu, sauti moja ya juu. Walirudi kwa ajili ya kipande hicho, na siku waliyorudi wakakuta kingine pembeni yake.

Mazingira nayo yana nguvu kubwa. Huu si muziki wa kuweka huku sabufa inatingisha kibanda na watu wanaagiza nyama choma. Ukiuweka hapo utamchukiza kila mtu na wewe mwenyewe. Unataka ukae. Wengi wa huku wanaukumbuka pamoja na baridi ya Juni na Julai, madirisha yamefungwa na hakuna anayetaka kutoka nje. Na kama unasafiri kwa treni ya TAZARA, vaa hedifoni kati ya Makambako na Mlimba, kwenye mahandaki na madaraja marefu, uweke "Wish You Were Here" ya Pink Floyd. Treni yenyewe itakulazimisha usiruke wimbo, kwa kuwa mtandao unakatika na huna pa kwenda.

Ukirudia mara tatu kwa utulivu na bado hakuna kinachokuita, ondoka kwa amani. Dunia ina muziki mwingi.

Nianze na ipi, basi?

Inategemea umetokea wapi. Mtu wa dansi na sebene nampa "Fragile" ya Yes, kwa sababu besi ya Chris Squire inaongoza badala ya kufuata. Mtu wa kwaya nampa Renaissance au upande wa kwanza wa "Close to the Edge", ambapo Wakeman anapiga ogani ya kanisa. Mtu wa gitaa na metali nampa "Moving Pictures" ya Rush wa Kanada, ya 1981, kisha "Images and Words" ya Dream Theater, ya 1992. Mtu wa nyimbo taratibu aanze na "Wish You Were Here". Mtu wa Tunduma, nimeshasema, aanze na Wazambia.

King Crimson nawasubirisha. Ni wazuri mno kuwa wa kwanza, na ni wagumu mno pia.

Bado kuna wanaotengeneza progresivu leo?

Wapo wengi. Steven Wilson na Porcupine Tree Uingereza, Opeth wa Sweden waliotoka kwenye metali nzito, na Neal Morse niliyemtaja. Wimbi la roki ya panki la 1976 na 1977 liliwasukuma pembeni waanzilishi kwenye magazeti ya Uingereza, lakini wasikilizaji hawakuondoka.

Baba ameacha sanduku la santuri. Nifanye nini nazo?

Kwanza usiziweke juani wala juu ya dari. Santuri hupinda kwa joto. Zisimamishe wima, zisilaliane. Ukiwa Tukuyu au sehemu yoyote yenye mvua nyingi, adui mkubwa ni ukungu: zitoe kwenye mifuko ya karatasi iliyolowa, uzipe mifuko mipya. Kusafisha, tumia maji safi ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ufute kufuata mifereji kwa mzunguko, bila kulowesha karatasi ya katikati. Ziache zikauke kivulini. Sindano ya gramafoni ikiwa imechakaa usiitumie hata kwa kujaribu, kwa sababu inachimba mifereji na hasara hiyo hairekebishiki.

Kisha soma kila lebo kabla ya kumkabidhi mnunuzi wa vitu chakavu anayepita mtaani. Santuri za Uingereza za bendi kubwa zilitolewa kwa wingi na thamani yake mara nyingi ni ya kawaida. Za Zambia za miaka ya 1970 ni habari nyingine. Zilitolewa chache, nyingi zimeharibika, na wakusanyaji wa nje wanazitafuta kwa bei kubwa sana. Ukiona WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family au lebo ya Zambia Music Parlour, iweke pembeni, ipige picha pande zote mbili, urekodi sauti yake kwenye kompyuta wakati bado inasikika, ndipo uamue na ndugu zako kama inauzwa au inabaki nyumbani.